Mstari wa Pili

...na huyo Justina anajua kabisa anachokifanya, Epifania aliwaza, macho kwenye kipimo cha mumewe pale mezani kwa nesi, kijiti cheupe kisichozidi kidole, tone la damu ya Nikodemo likipanda taratibu, dakika kumi na tano, alisema nesi Kindness, mstari mmoja ni salama, miwili ni kaswende, na cha kwake Epifania kilishatoa miwili kabla Nikodemo hajafika, maana Nikodemo alichelewa, kapeleka ndizi Bomang'ombe, kila siku ndizi, kana kwamba soko zima halina mnunuzi ila Justina, mwenye mwanya na kanga ya kubana, anayemwita mume wa mtu “baba yangu” huku anamshika bega, Epifania alimwona kwa macho yake, akameza, akajiambia ni wivu wa mimba, kumbe lisemwalo lipo, limemfuata hadi tumboni, mimba ya miezi minne, “mama, unanisikia?” nesi anauliza, anasikia, anasikia nusu, ni bakteria, si laana wala kulogwa, wanatoka kwa mama wanaingia kwa mtoto, anaweza kufia tumboni, au akazaliwa na mifupa mibovu, lakini tukianza penisilini leo, sindano tatu, kila wiki moja, tunamwokoa, na Nikodemo anaitikia “sawa, sista, sawa,” kwa sauti ya kanisani, mnafiki mkubwa, yeye Epifania atarudi kwao Kilema leo hii, Nikodemo aje na mbuzi na jani lake la isale kumwomba baba msamaha, asimame uani mpaka jua limchome, naye atakaa jikoni anamenya ndizi za mtori, hatoki, “kidonda chake hakiumi,” nesi anaeleza, “kinapona chenyewe, mtu anasahau,” ndiyo, wanaume hodari wa kusahau, “halafu vipele, viganjani na nyayoni, haviwashi, vinapotea hata bila dawa, ila ugonjwa umebaki, umenyamaza, hata miaka,” na Epifania akaviangalia upesi viganja vya mumewe, sugu tu, na weusi wa utomvu wa ndizi, hakuna kitu... viganjani... msimu ule wa kupulizia kahawa ya baba, miaka miwili kabla hajamjua Nikodemo, viganja vyake mwenyewe vilijaa madoa mekundu, hayawashi, mama akasema ni mrututu huo, ile dawa ya buluu ya kahawa, si nilikwambia uvae glavu, akampaka samli, wiki tatu yakaisha, wakacheka, lakini nyayoni, na nyayoni yalikuwepo, mrututu uliingiaje ndani ya mabuti... na msimu ule ulikuwa wa Eliudi, Eliudi wa Kahe, wa mashamba ya mpunga, aliyeapa kuleta posa, ambaye jina lake halijawahi kutajwa nyumbani kwa Nikodemo, “Epi, unatetemeka, una baridi?” Nikodemo anauliza, anavua koti, anamfunika mabegani, halafu anamwambia nesi, “mke wangu hana kosa, sista, chochote kikitoka hapo mimi ndiye wa kulaumiwa,” Mungu wangu, hata hajui anachokisema, na mstari wa kwanza umeshatoka, umenyooka, pembeni yake weupe mtupu, dakika tisa bado, na Epifania akagundua kuwa anasali, midomo imefungwa, Mama Maria, utoke, wa pili nao utoke, awe alilala na mwanamke yeyote yule, mara moja tu, nami nimsamehe...