Kizibo cha Boti ya Verlyn

Verlyn Tollefson ameendesha basi la shule maisha yake yote, na basi la shule halirudi nyuma. Nyuma kuna watoto. Ni mbele kwa mbele. Basi alipostaafu, mzee wetu akanunua vitu viwili visivyokwenda popote bila kurudi nyuma: trela la kulala, refu kama kanisa, na boti. Akili nywele, kila mtu ana zake, na Verlyn ana upara.

Trela alisaidiwa kuliegesha. Boti akasema ataishusha mwenyewe. Kila Jumamosi sisi watu wa kambi ya Ziwa Halvor tulitoa viti na kahawa, tukakaa kando ya mteremko wa kushushia boti majini, kutazama. Yeye kwenye pikapu, akirudi nyuma na boti ikiwa imefungwa kwenye kigari nyuma yake, mkewe Arlys nyuma akimwongoza.

"Kushoto, mume wangu! Kushoto tena!"

Boti kichakani. Juni nzima haikuonja maji.

Watu wakamwita Verlyn mjinga. Mimi nilijua siri, maana Arlys aliniambia mwenyewe tukicheza karata.

"Siku boti hiyo ikiingia majini, shoga, nimekwisha. Asubuhi mpaka jioni katikati ya ziwa, mimi, Verlyn na minyoo ya chambo! Mtu mwenyewe hajaongea tangu harusi yetu. Nitapiga soga na nani?"

Kwa hiyo palipotakiwa kulia, yeye alisema kushoto. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Marvel tu, mwenzetu wa karata, na Marvel naye aliwaambia waliouliza tu.

Ikaja sikukuu ya Uhuru wa Marekani, mwanzoni mwa Julai, kambi imejaa pomoni.

"Kulia, baba! Kulia!" akaita Arlys.

Verlyn akakata kushoto.

"Kulia nimesema!"

Akakata kushoto zaidi. Boti ikateleza majini kama bata. Msaliti mmoja akapiga makofi.

"Umekuwa kiziwi?" Arlys akafoka.

"Nimekusikia vizuri," akasema Verlyn. "Ndiyo maana nimefanya kinyume."

Hotuba ndefu kuliko ya harusini. Akaegesha pikapu, akaingia botini, akapigapiga kiti cha pembeni yake. "Panda."

Kabla Arlys hajajibu, maji yakaanza kupanda kwenye viatu vya mzee. Kila boti ina tundu nyuma la kumwagia maji, na tundu lina kizibo chake. La Verlyn halikuwa nacho. Akajipapasa mifuko yote. Arlys alisimama ufukweni, mkono ndani ya mfuko wa sweta. Akanitazama. Nikainamia kikombe changu cha kahawa.

"Iache izame," Marvel akamnong'oneza Arlys. "Karata zinatungoja."

Pale botini Verlyn alikuwa amekunja miguu kama kuku wa mvua. Hakuokoa fimbo za kuvulia wala sanduku lake la ndoana. Alinyanyua mto wa maua aliokuwa ameuweka kwenye kile kiti cha pembeni, mto mnene, wa mtu mwenye mgongo mbovu, akaushika juu ya kichwa usilowe. Yeye mgongo wake ni mzima. Wa Arlys ndio mbovu.

"Ee Mungu, mwanamume huyu!" akasema Arlys. Akaingia ziwani na viatu vyake mpaka kiunoni, kwenye maji baridi ya kung'oa meno, akakisukuma kizibo mahali pake.

"Kilikuwa wapi?" Verlyn akauliza.

"Mfukoni."

"Haya."

"Haya nini?"

"Umeshalowa. Panda."

Akapanda.

Siku hizi wanatoka kila asubuhi. Samaki hatujaona hata mkia. Lakini maji hubeba sauti, na sauti ya Arlys haihitaji hata kubebwa.

"Marveeel! Yule wa trela la bluu karudiana na mkewe?"

"Mke karudi jana, na mbwa mpya!" tunajibu kutoka ufukweni, kambi nzima ikisikia, pamoja na yule wa trela la bluu.

Tukadhani Verlyn anateseka, maskini. Juzi akazima injini ghafla katikati ya ziwa. Tukangoja ugomvi.

"Hebu rudieni hapo kwenye mbwa," akapaza sauti. "Sikusikia."