Sahani Isiyo na Alama

Siku mizigo yao ilipoteremshwa Mji Mkongwe, Sumaiya alikuwa keshaapa kwamba hatapapenda. Alikuwa na miaka kumi na tano, na kwao Mbweni alizoea uwanja, upepo na baiskeli. Hapa kichochoro kilikuwa chembamba hata paka wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma kwa adabu. Nyumba zimeinamiana huko juu kama zinazosengenya, na milango, yenye misumari ya shaba mikubwa kama machungwa, yote imefungwa.

"Mama, hapa hapakai watu."

"Wapo," alijibu mama yake, Bi Kidawa, akifungua furushi la masufuria. "Hujaonana nao tu."

Walipanga ghorofa ya juu. Dirishani walikuta kikapu na kamba: muuza mboga akipita, unateremsha, ngazi unaziachia wenye magoti. Ilikuwa Ramadhani. Jioni ile ile ya kwanza, mwadhini hajaadhini, kikapu kimeachwa kinaning'inia chini, kamba ikatikiswa. Sumaiya akavuta. Kumbe kizito! Ndani mlikuwa na sahani ya mkate wa kumimina, wa moto, na harufu ya iliki ilifika dirishani kabla ya kikapu. Akachungulia chini. Hapana mtu.

Kesho yake Bi Kidawa akakaanga sambusa za kurudishia sahani, na kuiosha akamwachia Sumaiya. Chini yake Sumaiya akaona doa jekundu. Uchafu gani huu? Akalisugua kwa waya mpaka sahani yenyewe ikaona haya.

Mama akaigeuza, akashika kichwa. "Alama iko wapi?"

"Alama gani?"

"Huku kila mwanamke hutia rangi ya kucha chini ya sahani yake, aijue ikirudi. Umemfuta mwenyewe, Sumaiya! Hata hatujafungua mizigo, tushakula sahani ya watu. Mtaa huu tutaupitia na uso gani? Nenda, irudi kabla ya magharibi."

Alasiri ilikuwa ishapita. Sumaiya, sahani ya sambusa mkononi, akagonga mlango wa kwanza, unaotazamana na wao. "Hodi!"

Akafungua Bi Zehra, mwembamba, miwani imening'inia kwa uzi shingoni.

"Shikamoo, Bi. Sahani hii ni yako?" Kwamba kaifuta alama, hakuthubutu kusema.

Bi Zehra akainyanyua juu ya kichwa, akaichungulia chini. "Sahani zangu mie zina alama. Hii unaiona alama?"

"Siioni."

"Basi. Kamuulize Bi Parin, mlango wa pili."

Mlango wa Bi Parin ulipofunguka, Sumaiya alisahau kuamkia. Nje ni ukuta na ukungu. Ndani ni uwanja ulio wazi mpaka mbinguni, una kisima na asumini iliyopanda ghorofa zote, uwanja ambao ungeimeza nyumba yao ya Mbweni na bado kuku wakapata pa kukimbilia.

"Si yangu," alisema Bi Parin, "ila kwangu haitoki kama ilivyoingia." Akaongeza katlesi, akampitisha mlango wa uani, unaoingia nyumba nyingine.

Huko Mzee Moiz alikuwa katikati ya saa za ukutani, hakuna hata mbili zilizopatana. "Usiziamini," alinong'ona. "Mimi nafuturu kwa kumsikiliza mwadhini." Akaongeza tende.

Ikawa ngazi juu, ngazi chini, hodi na karibu, visheti hapa, kababu pale. Wakampitisha kwenye wikio, daraja lenye paa linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro. Chini aliona kile kichochoro alichodhani kimekufa. Kumbe mji ulikuwa ndani siku zote, nyumba moja imeshika mkono wa mwenzake.

Ngazi ya mwisho ikamteremsha kwenye sebule. Kwenye kiti, miwani ikining'inia, amekaa Bi Zehra.

Jua lilikuwa linakwisha. Sumaiya machozi yakamlenga. "Bi Zehra, mwenyewe sikumpata. Alama niliifuta mimi. Nilidhani uchafu."

"Nnajua. Rangi ile niliitia mwenyewe."

"Mbona ulikataa?"

"Nilikataa? Nilikuuliza kama unaiona alama. Nimefunga mie, sisemi uongo." Akaitazama ile sahani iliyorundikana, akacheka mpaka miwani ikaruka. "Ningeipokea saa ile, ningekula sambusa peke yake. Tazama zilivyozaa!"

Akachukua nusu, akaisogeza sahani kwa Sumaiya pamoja na kichupa cha rangi ya kucha. "Hii ishakuwa yenu. Tia alama. Na ukiifuta tena, utazunguka mpaka Tunguu shamba."

Chini ya sahani Sumaiya akachora magurudumu mawili na usukani.

Alipofika dirishani kwao, adhana ikaanza. Mbao za madirisha zikafunguka juu na chini, na vikapu vikajaa hewani, vingine vikishuka, vingine vikipanda, mpaka kunguru mmoja akakosa njia ikabidi atembee kwa miguu. Sumaiya akaganda, tende mkononi.

"Sumaiya!" ikaita sauti ya jirani kutoka chini.

"Naam!"

"Unangoja nini? Teremsha kikapu!"

Akaiweka sahani ndani, akalegeza kamba.