Jengo la Ghorofa Nne

Mpima wa baraza la jiji alifika asubuhi, kama kawaida yake kila jengo lilipoongezwa ghorofa, akamwomba Mama Futi amshikie ncha ya kamba ya kupimia pale mlangoni. Mama Futi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa sababu futi yake ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda kulala. Aliiweka ncha chini, akaikanyaga kwa kidole gumba cha mguu. Mpima akapanda mpaka kwenye paa, akavuta kamba, akaandika kwamba jengo lina ghorofa nne na halijazidi kimo kinachoruhusiwa. Kisha akashuka, akaomba maji ya kunywa.

Jengo lilikuwa na ghorofa nne tangu mwanzo. Kila mwenye jengo alipoongeza moja juu, moja ya chini ilizama ardhini, taratibu, kama mtu mnene anayejiweka kwenye kochi. Hakuna ukuta uliopasuka wala kikombe kilichovunjika. Wapangaji wa zamani, wenye kodi ya chini, ndio waliokaa vyumba vya chini, kwa hiyo ndio waliozama. Mama Futi alipoolewa aliletwa kwenye chumba chenye dirisha la kutazama barabara. Chumba ni hichohicho mpaka leo, ila barabara sasa ilikuwa juu sana, na dirisha lilitazama udongo mwekundu wenye mizizi.

"Na sisi wa huku chini hutuhesabu?" alimuuliza mpima, akipokea bilauri.

"Mama, mimi napima kinachoonekana."

Hakusema kwa ubaya. Alishukuru kwa maji, akaenda zake.

Maisha ya chini yalikuwa na taratibu zake. Taa ziliwaka mchana kutwa. Kinyozi aliyepanga chumba cha jirani alinyolea wateja wake hukohuko, na aliwasisitiza washuke kwa uangalifu, maana ukikosea ngazi unaweza kuibukia kwa marehemu babu yako. Watu walicheka, kwa sababu kinyozi alijua kuchekesha na kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Wakati wa joto kulikuwa na ubaridi mzuri. Tatizo lilikuwa hewa.

Mume wa Mama Futi alikuwa fundi rangi. Kuta za nje za ghorofa zote zilizoongezwa alizipaka yeye, akining'inia kwa kamba, na vumbi la rangi likamwingia kifuani likagoma kutoka. Sasa alilala kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na mlango, ambako upepo wa ngazini ulifika ukiwa umeshachoka. Akipumua hasemi, na akisema hapumui. Daktari hakuandika dawa nyingi. Alisema mgonjwa ahamishiwe kwenye chumba chenye dirisha linalofunguka, la sivyo asilaumiwe mtu. Mama Futi hakuwa na chumba kingine, wala ndugu mwenye nafasi. Kila alipokanyaga cherehani aliwaza dirisha, na mara mbili alishona mkono wa shati mahali pa kola.

Wakati huo baraza la jiji lilikuwa na mambo mawili mezani. La kwanza lilikuwa motisha kwa wenye majengo: atakayehifadhi vyumba vya bei nafuu kwa watu wa kipato kidogo ataruhusiwa kuongeza ghorofa apendavyo bila kuomba kibali upya, mradi jengo lisizidi ghorofa nne. La pili lilikuwa mafunzo ya uongozi wa jamii, ili wananchi wenyewe waje kuzungumzia lile la kwanza. Kila jengo lilitakiwa kutoa mtu mmoja. Wapangaji wakamchagua Mama Futi, kwa kuwa alikuwa na maneno machache na yote yalikuwa yake.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Mwezeshaji, mwanamke mpole mwenye miwani, aliwafundisha kusimama wima, kushika kipaza sauti mbali kidogo na mdomo, na kuanza kwa shukrani. Kiongozi, alisema, hasemi "hatutaki"; husema "tunapendekeza". Hasemi "tunakufa", husema "tunakabiliwa na changamoto". Mama Futi alijifunza haraka. Aligawiwa fulana ya njano, ikampwaya, akaipunguza mwenyewe.

Jioni ya kuamkia kikao cha baraza, wapangaji wa chini walikusanyika kwa kinyozi, na waliokosa viti wakakaa ngazini. Walikubaliana aseme jambo moja tu: isiongezwe ghorofa nyingine mpaka walio chini wapandishwe juu. Mama Futi alilirudia mbele yao mpaka wakaridhika. Kinyozi alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa mumewe, na miaka yote ndiye aliyemnolea Mama Futi mkasi wa kukatia vitambaa. Akamsindikiza mpaka mlangoni kwake.

"Shemeji, wakikukatiza maneno, waambie tu kwamba tuko hai huku chini," alisema. "Hilo linatosha."

Asubuhi, kwenye korido nje ya ukumbi, diwani wao alimvuta Mama Futi pembeni. Alikuwa mtu wa watu, aliyekumbuka misiba ya kila nyumba. Aliuliza hali ya mgonjwa, akasikitika, na masikitiko yenyewe yalikuwa ya kweli. Kisha akamwambia kwamba mwenye jengo angependa kumshukuru kiongozi yeyote wa jamii atakayeelewa mambo. Kuna chumba kitupu juu ya barabara, kwa kodi ileile ya zamani. Kina dirisha.

"Linafunguka?" aliuliza Mama Futi.

"Pande zote mbili," alisema diwani.

Alipoitwa alisimama wima, akashika kipaza sauti mbali kidogo na mdomo, akashukuru. Maneno ya wapangaji alikuwa nayo yote kichwani, hakusahau hata moja. Lakini akilini alimwona mumewe akiitafuta pumzi na kuikosa. Akasema kwamba wapangaji wanakabiliwa na changamoto, na wanapendekeza motisha ipitishwe. Madiwani wakampigia makofi. Jambo lilipita kabla ya chai.

Walihama siku hiyohiyo. Majirani wa chini hawakumtukana. Walimpisha ngazini alipopita na godoro, macho yao ukutani. Kinyozi alimrudishia mkasi wake ukiwa haujanolewa, akauweka juu ya cherehani, akatoka. Mama Futi angeona afadhali kupokea matusi ya ukoo mzima kuliko ule mkasi. Aliona aibu, lakini aliendelea kubeba vyombo.

Huko juu, dirisha lilifunguka. Mumewe alikaa mbele yake kutwa, shuka mabegani. Aliwaona watu kwa juu, utosi wao ukipita, akawa anamtajia mkewe wenye upara waliouficha chini ya nywele za pembeni. Alimaliza sahani ya chakula. Siku moja alimgombeza kwa kuwasha taa mchana, na Mama Futi akaizima huku akicheka na machozi yakimtoka, kwa sababu ilikuwa zamani sana tangu mumewe awe na pumzi ya kugombeza mtu.

"Uliwaambia?" mumewe aliuliza, akitazama nje.

"Niliwaambia."

Hakumuuliza tena.

Mwenye jengo naye hakulaza damu. Zege la ghorofa mpya lilipokauka, fundi rangi alijikuta uso kwa uso na wapita njia, wakawa wanamsalimia pale dirishani kana kwamba anauza dukani. Likaja zege jingine. Akaona viuno, akaona magoti, akaona viatu, na kuna mbwa aliyechungulia ndani kisha akaendelea na safari yake. Halafu udongo ulifika kwenye fremu, ukapanda kioo kidogo kidogo, wakarudi kuwasha taa mchana. Mwenye jengo akaendelea kumwaga zege. Mpima alikuja, akapima, akakuta ghorofa nne.

Mama Futi alikwenda kwa diwani. Diwani alisimama kumpokea, akaagiza aletewe chai. Alimkumbusha kwa upole kwamba chumba ni kilekile, ufunguo ni uleule, na dirisha bado lipo. Akaongeza kwamba awamu ya pili ya mafunzo inahitaji mtu wa mfano, mtu ambaye ameshaonja matunda ya uongozi. Mama Futi akamwambia kwamba mume wake anakufa. Diwani akainamisha kichwa, akasema hiyo ni changamoto kubwa.

Fundi rangi alikufa akiwa na neno la kusema, na pumzi ya kulisemea haikupatikana. Mama Futi alikaa naye, akimpepea kwa kipande cha kitambaa hata baada ya kuwa hakuna haja. Hakujua atamtoaje. Kwa jinsi mambo yalivyokuwa, alidhani atambeba mgongoni peke yake.

Wapangaji wa chini walipanda mmoja mmoja, kinyozi akiwa mbele. Hakuna aliyetaja kikao. Kinyozi alimnyoa marehemu ndevu, akamchana nywele vizuri kwa ile njia ya pembeni aliyoipenda, kisha wakambeba wakipokezana, maana ngazi zilikuwa nyembamba na mlango wa kutokea ulikuwa mbali juu. Walipotoka nje walisimama kidogo, wakikunja macho kwa sababu ya mwanga. Jengo lilikuwa limepakwa rangi mpya na fundi mwingine.

Makaburini, mchimba kaburi alikuwa amechimba kina cha kawaida, akauliza kama kinatosha. Mama Futi alichungulia. Jua lilifika mpaka chini, likaonyesha alama za koleo. Ukuta ule wa udongo ulikuwa mfupi kuliko ule uliokuwa juu ya dirisha lake. Kutoka kitandani mpaka hapa, mumewe alikuwa amepandishwa ghorofa kadhaa. Hapo ndipo alipolia kwa sauti.

"Sikuwaambia kwamba tuko hai," alisema.

"Najua, shemeji," alijibu kinyozi, akamshika mkono asije akateleza.

Walimzika. Watu walipoanza kuondoka, Mama Futi alibaki nyuma. Akamuuliza mchimba kaburi kama mahali pale pembeni ya mumewe pana mwenyewe.

"Bado," alisema mchimba kaburi, akifuta koleo. "Lakini hapo panaombwa barazani, mama, na foleni ni ndefu."

Mama Futi alimshukuru. Kisha akamuuliza ofisi hufunguliwa saa ngapi.