Kiwanja cha Magharibi

Awadhi alipigwa nondo juu ya sikio la kushoto, na mlio wake ulikuwa wa kibuyu kilichoangukia jiwe. Nilikuwa karibu naye, nimeshika kamba ya kupimia. Nimeona watu wakipigwa machimboni Mpanda, nimeona wakipigwa bandarini Kigoma, lakini mtu kupigwa huku bado anacheka, hilo nililiona siku ile tu.

Aliyempiga ni Egidi. Kijana wa Ulyankulu, wazazi wake ni Warundi waliopewa uraia, Mkatoliki wa kusali kabla ya kunywa hata uji. Alikuwa anasomea misitu chuo kikuu, na mimi alinichukua nimpikie na kumbebea mizigo, maana sikai mahali pamoja na njia za huko nazijua. Wa tatu wetu alikuwa Lugembe, Mnyamwezi, mrina asali. Mizinga yake ilining'inia katika msitu ule wa hifadhi, magharibi ya Ulyankulu, pale inapopita njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Baba yake alitundika mizinga humo, na babu yake pia.

Kamati ya uvunaji ilitaka kuufungua msitu huo ukatwe mninga. Lugembe alikwenda kwenye mkutano wao akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee, maneno ya mrina asali ni maneno ya mrina asali. Tuletee utafiti uliochapishwa kwenye jarida, tutausoma. Bila hivyo misumeno inaingia kiangazi." Ndivyo Lugembe alivyomshika Egidi na hakumwachia tena. Msitu ukikatwa, nyuki wanahama, na yeye hana shamba wala duka.

Tulipima mwaka mzima. Unachora kiwanja porini kwa kamba, unachomeka nondo kwenye pembe zake, unapima kila mti na kila kisiki kilichomo. Kisha Egidi akaandika, akatuma. Jioni moja kambini Lugembe akamuuliza mbona jarida halitoki.

"Haliendi hivyo, baba," Egidi akasema. "Mhariri anafuta jina langu, anawatumia wahakiki wawili. Wao hawanijui, na mimi siwajui. Wakiridhika, inachapishwa."

"Yaani mtu anakukatalia mchumba na sura yako hajaiona?"

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe humwoni umpige ngumi?"

Egidi akacheka. "Ndiyo maana wanafichwa."

Majibu yakaja. Mhakiki wa kwanza alisifu, maneno machache. Wa pili aliandika kurasa. Alitaka kujua kwa nini kiwanja kimoja, kile cha magharibi, hakikupimwa. Egidi alikuwa ameandika kwamba hakikufikika. Hakufafanua kuwa kuna wakataji haramu wenye mapanga, aliona ni aibu kulalamika kwa watu wasiomjua. Mhakiki akajibu: kutofikika si sababu ya kisayansi, kipimwe, ama mwandishi aache kuusemea msitu wote.

"Tuache," nikasema. "Ana raha huyo. Kakaa kwenye kiti."

Lugembe akaanza kunoa shoka lake. "Tukiacha, kamati itasema umesemea nusu ya msitu, nusu nyingine wakate. Mizinga yangu iko magharibi. Twende."

Tukaenda. Kabla ya kufika tulisikia msumeno wa injini, halafu ukanyamaza. Tuliwakuta wawili kwenye uwazi walioufyeka wenyewe, mbao za mninga zimepangwa, vumbi lake jekundu limetapakaa chini kama mahali pa kuchinjia. Mmoja aliitwa Fikiri, mkubwa wa mwili, macho mekundu kwa moshi. Mwingine ndiye Awadhi, Mzaramo aliyekuja Tabora zamani, akaoa mtaa wa Ng'ambo. Fikiri aliinua panga. Awadhi akamshika mkono, akatutazama, akauliza, "Nani hapa Mnyamwezi?"

"Mimi hapa," Lugembe akasema, akatoka mbele. "Na wewe mla nazi umefuata nini? Msitu huu hauna minazi."

Uso wa Awadhi ukafunguka. "Kumbe mpo! Mimi nilijua mlikwisha wote njiani, mkibeba pembe za babu yangu."

"Babu yako alikuwa nyuma, anakula vumbi la babu yangu."

"Pagazi wewe! Piga magoti!"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara. Walipigana, wakachoka, wakazikana, na tangu hapo mmoja anaweza kumtukana mwenzake mpaka amguse mama yake, na hakuna kesi. Niliona Lugembe anapiga magoti, meno yote nje. Awadhi akachukua panga kutoka kwa Fikiri, akaliweka bapa shingoni mwa Lugembe.

"Leo nakuzika mwenyewe. Na sanda sikupi. Nakufunga kwenye gome la mzinga, nyuki wakusomee dua."

Lakini Egidi alikuwa nyuma. Aliona mgongo wa Lugembe, magoti, na panga. Utani aliusoma shuleni, anaujua. Ila babu yake alipigishwa magoti hivyohivyo barabarani Burundi, mwaka wa sabini na mbili, na mama yake, Janeti, wakati huo mtoto mdogo, aliona kichwa kikitoka. Katika nyumba ile panga halitajwi kwa mzaha.

Ndipo nondo ikashuka.

Awadhi alianguka na kicheko chake mdomoni. Lugembe akamrukia kumkinga, anaita, "Mtani! Mtani!" Fikiri akadhani anamkaba mwenzake. Akaokota panga, akamkata. Lugembe alikinga kichwa kwa mkono, na vidole viwili vikaenda kwenye vumbi la mbao. Egidi akamgeukia Fikiri, akampiga nondo ya goti, nikasikia linavunjika, akampiga tena akiwa chini, mgongo, bega. Alikuwa halii wala hasemi. Nilimwita kwa jina, nikamwita mwanangu, hasikii. Nikamtupia kamba ya kupimia shingoni, nikavuta kwa uzito wangu wote mpaka akalala juu yangu, anakoroma, povu mdomoni. Nilivuta mpaka akaiachia nondo. Viganja vyangu vilichubuka nyama.

Alipopata pumzi akamwona Lugembe amekipakata kichwa cha Awadhi mapajani, damu ya mkono inachuruzika juu ya uso wa mwenzie.

"Umefanya nini wewe mtoto?" Lugembe akasema. "Huyu ni wangu."

Tulimlaza Awadhi juu ya ubao wa mninga alioupasua mwenyewe, tukambeba kwa njia ile ya misafara, Egidi mbele, mimi nyuma, Lugembe pembeni amejifunga mkono kwa shati. Fikiri aliruka kwa mguu mmoja nyuma yetu, anatukana. Barabarani tukapata gari. Awadhi alikufa hospitali mjini Tabora bila kufungua macho. Polisi wakamchukua Egidi. Fikiri alifungwa plasta, kisha akatoroka wodini, maana naye alijua yanayomngoja.

Tukabaki mashahidi wawili. Mimi nilisema nilichokiona: panga lilikuwa bapa, Lugembe alikuwa anacheka.

"Mtu akiogopa hucheka pia," askari akasema. "Wewe si Mnyamwezi, si Mzaramo. Utani wao unaujuaje? Atuambie mwenyewe aliyewekewa panga."

Basi yote yakamwangukia Lugembe.

Mwalimu wa Egidi wa chuo, mama mmoja anaitwa Advera, alikuja kwa treni akatukuta Ipuli, nyumba tuliyopanga. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua mkoba begani. "Mzee Lugembe, jarida lina tarehe ya mwisho ya kurudisha masahihisho. Kijana akitoka, anayamaliza, inachapishwa, kamati inanyamaza. Akifungwa, sijui. Namba zote anazielewa yeye. Nimekuja kukuambia hilo tu."

"Unataka niseme nini?"

"Panga lilikuwa shingoni?"

"Lilikuwa."

"Alisema atakuzika?"

"Alisema."

"Basi hujaombwa uongo."

Janeti, mama yake Egidi, hakukaa hata kwenye kigoda. Alipiga magoti mlangoni, akamshika Lugembe miguu. "Baba, yaseme hayo tu. Mwanangu alikuona unachinjwa. Angesimama?"

Lugembe alimwinua kwa mkono mzima. Usiku kucha mkono ulimuuma, na nilimsikia anaongea peke yake, mara anamtukana Awadhi, mara anawahesabu nyuki wake.

Mazishi yalikuwa Ng'ambo. Lugembe akaenda kufanya kazi ya mtani, na mimi nikamfuata. Jeneza lilipotoka akalala njiani, bendeji imelowa damu, akaanza: "Huyu Mzaramo haendi popote! Anakwenda kaburini kujificha asinipigie magoti! Mtoeni nimzabe kofi!" Waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia, kama desturi ilivyo. Mmoja akamvuta mguu, mwingine akammwagia maji. Akashikilia jeneza, akalitikisa. "Mvivu wewe! Amka ubebe mzigo!"

Sauti ya mwanamke ikatoka dirishani, ikakata kicheko chote. Ni Shamila, mke wa marehemu.

"Mtani. Niambie mbele ya watu hawa. Mume wangu alitaka kukuua?"

Nikamtazama Lugembe pale chini kwenye tope, na nilijua anachokiona: mizinga yake, mmoja mmoja, inaanguka na miti yake. Mdogo wake Awadhi alikuwa amekunja ngumi juu ya kichwa cha Lugembe, anangoja.

"Hapana, shemeji," Lugembe akasema. "Alikuwa ananitania. Na mimi ndiye niliyemwanza."

Yule mdogo mtu akampiga hata hivyo. Alimpiga teke la mbavu, halafu akaanguka juu yake analia. Hakuna aliyewaachanisha haraka.

Maneno hayohayo Lugembe aliyarudia polisi, akayarudia mahakamani, Egidi akimtazama kutoka kizimbani. Hakimu alikubali kwamba kijana hakukusudia kuua. Hata hivyo akamfunga, kwa kuwa mtu alikufa na mwingine alipigwa akiwa tayari chini. Hilo la pili ni mimi niliyelisema. Niliulizwa, nikalisema.

Advera aliandika masahihisho mwenyewe. Safari hii hakuona aibu. Alimweleza mhariri kuwa kiwanja cha magharibi kilijaribiwa, mtu mmoja akafa, mwingine akakatwa vidole, mwandishi yuko gerezani. Mhariri aliwatumia wahakiki. Mhakiki wa kwanza alitoa pole. Wa pili alijibu baada ya muda, na Advera alinisomea kwenye simu kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti isiyo na kitu ndani:

"Baada ya kutafakari, kiwanja hicho kinaweza kuondolewa. Viwanja vilivyobaki vinatosha, na matokeo hayabadiliki."

Ikachapishwa. Jina la Egidi liko juu. Mwenyekiti wa kamati aliisoma, akaita watu wa kumsomea pia, wakakosa pa kuipinga. Uvunaji ukasitishwa. Wakataji waliobaki walifukuzwa kwa mbwa na bunduki, mmoja akapigwa risasi ya paja. Lugembe akarudi msituni kutundika mizinga, na mimi nikaenda kumsaidia kufunga kamba, kwa kuwa vidole vyake havikutosha.

Janeti alikuja mchana wa jua kali, peke yake, kwa miguu, kwa njia ya misafara. Alikuwa na shoka. Lugembe alimwamkia, "Karibu, mama." Alikwenda kwenye mninga uliokuwa na mizinga mitatu, akakaza kitenge kiunoni, akaanza kukata.

"Mama, nyuki!" nikapiga kelele.

"Msitu umepona," akasema, akapiga. "Umepona." Akapiga. Gome likaruka, na utomvu mwekundu wa mninga ukatoka kama unavyotoka siku zote, kama damu. "Mwanangu yuko wapi?"

Nyuki wakashuka. Walimwingia kwenye nywele, kwenye masikio, ndani ya blauzi, na hakuacha shoka. Nilikimbilia moto kutafuta moshi. Lugembe hakuwakimbia nyuki wala shoka. Alikwenda akamkumbatia kwa nyuma ili miiba ya nyuki imkute yeye, na Janeti akatupa kiwiko kikavunja pua yake, akageuka akamng'ata bega mpaka nyama ikakatika.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema!"

"Nilikuwa nalo," Lugembe akasema, damu inamwingia mdomoni. "Nilikuwa nalo, mama."

Nilipofika na majani yanayofuka, Lugembe alikuwa amemwachia, amekaa chini, macho yamevimba hayaoni. Aliinua mkono ule wenye vidole vitatu kunizuia nisimshike Janeti.

"Mwache akate," akasema.

Nikasimama katikati yao na moshi wangu, nikiufukiza upande wa Janeti, na shoka likaendelea kupiga.