Mke wa Kwenye Barua

Alama za kuingia chuo cha uuguzi Gathoni alikuwa nazo, tena za kutosha na kubaki. Alichokosa ni barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba ni mkaazi wa kaunti. Kitale, alikozaliwa, walishamkatalia: si alihama na mama yake baada ya baba kufariki? Sasa alikuwa Bungoma, na zilibaki siku tatu za kutuma maombi.

"Mwaka moja na nusu?" chifu alicheka. "Bado wewe ni mgeni, bana. Baba yako hapa ni nani?"

"Hayuko."

"Na bwana? Ukiwa umeolewa hapa, naandika saa hii."

Gathoni alilisimulia jambo hilo nyumbani kama kichekesho. Mama yake, Rosaline, hakucheka. Alimwita jirani yao Wangila, mwenye bodaboda, aliyezoea kumbebea vitunguu hadi soko la Chwele, na ambaye jinsi alivyompenda Gathoni hata kuku wa mtaani walijua.

"Ni karatasi tu," Rosaline alisema. "Karatasi haizai mtoto."

Wangila alikubali upesi mno. Mtu mwingine angeshtuka, lakini Gathoni alikuwa akiwaza sare nyeupe. Kesho yake kwa chifu, kijana akatamka "Ni bibi yangu" kwa sauti hata waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi. Muhuri ukagongwa.

Baada ya wiki mbili, Wangila alipiga simu. Gathoni amepata nafasi! Barua ya chuo ilikuwa imefika kwake, maana anwani ya mume ndiyo iliyojazwa kwenye fomu. Aje kwao aichukue. Gathoni alikwenda karibu mbio, furaha imemjaa hadi kooni.

Alipokelewa kwa vigelegele. Wazee wa ukoo walikuwa wamepangwa kwenye viti uani, na Nasike, mama yake Wangila, akamketisha mbele ya ugali na kuku aliyepikwa mzima. Kuku wa namna hiyo hapikiwi mpita njia. Msichana akimla mbele ya wazee, amekuwa wa nyumba hiyo.

"Mama, ile barua ilikuwa tu ya shule," Gathoni alinong'ona.

"Kwani chifu anaandikanga uongo?" Nasike aliuliza, bila ubaya wowote. "Kula, mtoto wangu. Ukimaliza bwana yako ataweka sahihi, Jumatatu uende masomo. Ijumaa unarudi hapa kwako."

Fomu ya kujiunga, iliyokuja na barua ya chuo, ilikuwa mezani, pengo la sahihi ya mume likisubiri. Akikataa, basi alidanganya, na nafasi inakwenda kwa mwingine. Wangila alisimama kando na kalamu, akitabasamu kama mtu aliyekumbukwa na Mungu.

Gathoni alitafuta njia ya kutoka, macho yakamwangukia mama yake. Rosaline alikuwa ameketi miongoni mwa wageni, amejifunga leso mpya. Mama akainamisha kichwa.

Gathoni alitaka kupiga mayowe. Lakini uuguzi aliutaka zaidi. Akanyoosha mikono, na Nasike akammiminia maji ya kunawa.