Mtoto Msikivu

Kwenye kituo cha wageni pale mtoni walimwita Profesa. Si kwamba alikuwa na vyeti vya kutisha. Alikuwa nacho kimoja tu, cha kuongoza wageni, na hicho chenyewe kilikuwa kimeingia maji upande mmoja. Walimwita hivyo kwa ajili ya mdomo wake. Basi la shule halijasimama vizuri, yeye keshaanza. Alikuwa mtu asiyetulia: akieleza anatembea, akitembea anaeleza, na watoto walimfuata kama vifaranga, kuanzia kwenye mto wa plasta uliotiririshwa na pampu ndogo, wakapita kwenye matangi ya samaki, mpaka mwisho wa ukumbi, kwenye sanduku la kioo lenye kichwa cha mamba.

Pale ndipo alipokuwa anamalizia. Kichwa kile kilikaribia urefu wa mkono wa mtu mzima, kimekaushwa na kupakwa vanishi, mdomo wazi. Kibao chini yake kilisema: mamba dume, mita nne na nusu, aliondolewa mtoni. Kwa miaka sita Profesa alikuwa anawavunja watoto mbavu kwa maneno yale yale. Aliwaambia kwamba mzee huyu alikuwa na meno zaidi ya sitini na hakuwahi kumwona daktari wa meno hata siku moja. Kisha akauliza mzee alipenda kula nini. Wengine walisema samaki, wengine ng'ombe, na hakukosekana mmoja wa kupaza sauti kwamba watu. Hapo Profesa aliinama, akapunguza sauti, akasema: "Si watu wote. Watoto wasiosikiliza tu." Ukumbi mzima uliangua kicheko, na walimu nao walicheka, maana walishapewa cha kuwatishia watoto njia nzima ya kurudi.

Alhamisi moja, kabla kicheko hakijatulia, mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye benchi la dirishani alinyanyuka. Profesa alimfahamu kwa sura. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na tangu mwaka uanze alikuwa amekuja mara nane au tisa, kila mara siku ya wanafunzi. Alisikiliza mwanzo hadi mwisho, hakuuliza kitu, akaondoka zake. Profesa alikuwa anajigamba kwa wenzake kwamba yeye ana mteja wa kudumu. Siku hiyo mama yule alisimama kidogo kwenye meza ya karani wa tiketi, akaandika kitu kwenye daftari la wageni, akatoka bila kugeuka.

Saa kumi jioni, wanafunzi wakiwa wameshaondoka, Profesa alilifungua daftari kama kawaida yake, kutafuta sifa. Juu ya maoni ya watoto, "nimefurahi sana" na "samaki wazuri", palikuwa na mstari mmoja, mwandiko umenyooka kama mshono wa cherehani: "Mwanangu alikuwa msikivu."

Alimpelekea karani daftari, akamwuliza maana yake. Karani alikuwa pale tangu kituo kinafunguliwa, na alishangaa kusikia swali lenyewe. Alidhani kila mtu anajua. Yule mama ni mshonaji wa sare za shule, anakaa kwenye nyumba zilizo nyuma ya mtambo wa pampu. Mamba wa kwenye kioo ndiye aliyemchukua binti yake, miaka kumi na mmoja iliyopita, na ni kwa ajili ya mtoto yule askari wa wanyamapori walimvizia mamba siku nne mpaka wakampiga risasi. Wakati wa kuandika kibao, wakubwa walionelea habari za mtoto zisiwekwe, wageni wasije wakanyong'onyea.

Profesa alirudi nyumbani akiwa hajielewi. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Alipiga hesabu ya mara ambazo mama yule alikuwa amekaa kwenye benchi lile akisikia mzaha ule, na kila akifika nane au tisa alianza upya. Mkewe, ambaye siku zote kazi yake ilikuwa kumnyamazisha, safari hii ndiye aliyemwomba aseme neno. "Umekuwa kama umekalia siafu," alimwambia. "Kaa basi, au toka."

Alitoka. Ijumaa baada ya kazi alipita mbele ya nyumba ya mshonaji akajifanya anaenda mbele. Jumamosi alipita tena, akajifanya anarudi. Jumapili alipiga moyo konde, akabisha hodi.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, chumba kimejaa sare zilizotundikwa, marinda ya bluu, mashati meupe, kola nyingine bado zina chaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilidhani na leo utapita."

Profesa alitafuta maneno, yeye ambaye hajawahi kuyatafuta. Aliomba radhi. Alisema hakujua, na kwamba kutokujua kwenyewe ni aibu kwa mtu wa kazi yake. Mama yule alimwacha aseme mpaka yakamwishia, huku akisukuma kitambaa chini ya sindano. Kisha akamweleza kwamba yeye haendi kituoni kuangalia kichwa. Kichwa ni mfupa. Yeye ndiye anayezishonea karibu shule zote za pale, na kila akisikia shule inakwenda mtoni, huzifuata sare zake. Hukaa akasikiliza kama kuna mtu atawaambia watoto ilivyokuwa.

"Ilikuwaje, mama?"

Alinyanyua mguu kwenye pedali. "Bomba lilikuwa limekauka siku ya tatu. Nikamtuma maji. Nikamwambia, mwanangu, usichote kwenye mkondo, utakubeba. Chota pale penye maji yaliyotulia, kwenye matete. Wenzake walikwenda kwenye mkondo wakacheza, wakarudi wote." Akakata uzi kwa meno. "Yeye alinisikiliza."

Profesa aliuliza kama anataka kichwa kile kiondolewe, au jina la binti liandikwe kwenye kibao. Mama alikataa yote mawili. Jina, alisema, ni la humu ndani, halikai ukutani watu wakalisoma huku wanakula biskuti. Alitaka jambo moja tu: watoto waambiwe kwamba mamba hulala pale palipotulia, ili asiwepo mama mwingine wa kumtuma mtoto wake huko kwa mapenzi mema.

Jumatatu Profesa alikuwa mlangoni kwa mkuu wa kituo kabla hata ofisi haijafagiliwa. Mkuu alikuwa mwanamke mpole aliyeelemewa na makaratasi. Alimsikiliza hadi mwisho, na habari ya mshonaji ilimwingia, akavua miwani. Lakini alisema maelezo ya wanafunzi yamepangwa makao makuu, na watu huja mtoni kupumua. Wakipewa kilio hawatarudi. Profesa aandike pendekezo, yeye atalipeleka. Profesa alijua pendekezo litakavyosafiri. Aliliandika siku hiyo hiyo, kurasa tatu, halafu akashindwa kungoja hata siku moja.

Jumanne ilikuja shule yenye watoto arobaini. Profesa alilipita sanduku la kioo bila kusimama, akawatoa nje, akawateremsha kwa njia ya mbao mpaka kwenye ukingo wenye reli, pale ambapo mto unapinda na maji yanakaa kimya katikati ya matete. Aliwaambia kwamba hapa ndipo panapoonekana salama. Aliwaambia habari za mtoto wa rika lao aliyetumwa maji, akachagua vizuri kama alivyofundishwa, asirudi. Aliwaonyesha jinsi mamba anavyoweza kukaa chini bila kuonyesha hata pua, na kwa nini mtu asizoee kuchota mahali pale pale saa ile ile. Hakukuwa na aliyecheka. Msichana mmoja alianza kulia, na mwalimu wake akamtazama Profesa kwa jicho la kukata.

Kisha mtoto mwingine akanyoosha mkono. "Sisi nyumbani tuna bomba," alisema.

Profesa aliwageukia wote. Aliwauliza ni wangapi nyumbani kwao wanachota maji mtoni. Mkono mmoja ulinyanyuka nusu nyuma kabisa, ukaona uko peke yake, ukashuka.

Mwalimu alilalamika kabla hata ya kupanda basi, na alasiri Profesa aliitwa ofisini akakabidhiwa barua ya onyo. Aliisaini. Wala haikuwa barua iliyomchoma. Kilichomchoma ni ule mkono. Miaka sita alikuwa anawahubiria watu wa mabomba, na waliokuwa wanainama kwenye maji kila asubuhi walikuwa chini kidogo tu, mahali uzio wa kituo unapoishia, na hakuwahi kufika huko hata kwa bahati mbaya. Akamwambia mkuu kwamba barua ameipokea kwa heshima, ila Jumamosi ni siku yake ya mapumziko, na anaomba aazimwe ule mti mrefu wenye kopo, wa kuchotea sampuli za maji.

Mkuu alivuta faili la vifaa. "Umo kwenye orodha ya vifaa," alisema. "Jumatatu uwe umerudi mahali pake."

Jumamosi asubuhi Profesa alisimama mahali pa kuchotea maji, mti mkononi, na wanawake wakimpita na ndoo kulia na kushoto. Alieleza habari za mamba na jinsi ya kuchota ukiwa mbali na maji. Walimsikiliza kwa sikio moja. Mmoja alilitazama lile kopo akamwuliza kwa kijiko kile atajaza ndoo mwaka gani, na wenzake wakacheka. Mwingine, aliyefunga kanga kiunoni, alimpa swali gumu zaidi. Kwenye mkondo watoto wanabebwa na maji. Palipotulia pana mamba. Sasa wachote hewani? Profesa akarudia maelezo yale yale ya mamba. Walimwomba asogee, jua linapanda.

Ndipo aliposikia nyayo nyuma yake. Mshonaji alikuwa ameteremka njia ile kwa mara ya kwanza tangu siku aliyochukuliwa binti yake, na alikuwa amesimama majani yanapokomea, hataki kukanyaga mchanga. Profesa alikuwa amemwambia kwamba atakuja hapa, lakini hakumwomba afuate.

"Mimi ni mama wa yule mtoto," alisema.

Hakupaza sauti. Wanawake wakubwa walimtambua, mmoja akaweka ndoo chini, kisha wengine. Wadogo walinong'onezewa. Yule wa kanga alimsogelea, akamshika mkono, akamwuliza kwa upole lile swali lake alilomwuliza Profesa: basi tufanye nini?

Mshonaji alimgeukia Profesa. "Wewe si ndiye msomi? Sema."

Profesa alikumbuka mchoro aliouona kwenye kitabu kimoja cha ofisini, ambao hakuwahi kumwonyesha mtu kwa kuwa hauchekeshi: miti iliyopigiliwa majini kwa nusu duara, imekaribiana, maji yanapita, mamba hapiti, na watu wanachota ndani yake. Aliuchora mchangani kwa ule mti wa kopo. Wanawake waliuzunguka. Walibishana juu ya urefu, wakamkosoa mahali pawili, na walikuwa sahihi.

Kazi ilichukua Jumamosi tano. Waume na kaka walikata miti. Mkuu wa kituo alituma mafundi wawili kwa siku moja, na kwenye karatasi akaandika ni matengenezo ya uzio, jambo ambalo halikuwa uongo. Mshonaji alileta kamba alizozisokota mwenyewe kwa vipande vya vitambaa vya sare, na hakuwahi kushuka kupita yale majani. Kituoni hakurudi tena. Kibao kilibadilishwa mwaka uliofuata, mstari mmoja kuhusu mtoto na maji yaliyotulia ukaongezwa, hauna jina.

Profesa bado anaongea, ila mzaha ule ameuacha, na utulivu hakuupata. Kila alfajiri, kabla ya kufungua ukumbi, huteremka hadi kwenye ile miti na kuitikisa mmoja mmoja, maana mto ukijaa huilegeza. Juzi aliukuta mmoja unacheza kama jino la mtoto. Wanawake watatu walikuwa tayari ndani wanachota. Aliwaomba watoke, wakamnung'unikia kwamba wamechelewa, akawaambia wamnung'unikie lakini watoke. Kisha akapanda mlima mbio kutafuta nyundo.