Kinga Iko Juu

Sabina aliikunja karatasi ya majibu ya damu mara nne, akapanda nayo kilima cha Mabatini akicheka peke yake. Daktari alikuwa na haraka, foleni imefika mlangoni, akasema tu, "Kinga ya mtoto iko juu." Na nani asiyejua kwamba kinga ikishuka ndiyo ugonjwa? Basi ikiwa juu, Nice wake amepona pumu.

Mama mkwe, Kashindye, aliyekuja kuwasalimia kutoka Misungwi, akapiga kigelegele. "Si nilisema? Hiyo dawa ya kuvuta inalemaza mapafu." Akaifungia sandukuni mwake. Sabina akamwachia, na kosa hilo ni lake, halikatai.

Siku ya nne jirani alipepeta dagaa, upepo wa ziwani ukaleta vumbi uani. Nice, mtoto wa miaka sita, akaanza kugombania pumzi, mbavu zinabonyea, midomo inageuka rangi. Mbio hospitalini.

Alipotulia kwa mvuke wa dawa, muuguzi Immaculata aliisoma karatasi. "Mama Nice, hizi chembe za kinga ni sungusungu wa mwili, walinzi wake. Wa mwanao wamezidi. Sungusungu wakizidi wanampiga hata mgeni aliyeomba maji. Vumbi likipita tu, wanavamia, njia ya hewa inavimba. Dawa ya kila siku ndiyo inayowatuliza."

Mwenzangu mwenye mtoto wa pumu, ukiambiwa kitu kiko juu, usiinuke kitini kabla hujauliza: juu kwa heri au kwa shari?

Nyumbani Kashindye alikuwa anachambua mchele.

"Mama, naomba dawa ya mtoto."

"Karatasi ilisema kinga iko juu."

"Ilisema. Sisi tukaielewa kichwa chini."

"Nimelea saba bila vidude vya kuvuta."

"Hao saba hawakuwa na pumu. Shikamoo nitakupa kila asubuhi, Mama, lakini pumzi ya Nice sikupi."

"Nitampigia mwanangu Luhaga."

"Mpigie. Mume wangu ana masikio. Ila ufunguo kwanza."

Mkono aliounyoosha hakuurudisha. Kashindye akafungua pindo la khanga taratibu, akautoa ufunguo.

"Mkaidi kama mbuzi."

"Mbuzi mwenye mtoto, Mama."

Sabina akamvutisha Nice dawa palepale, mbele ya bibi yake, akamwambia abane pumzi mpaka kumi. Hesabu ilipofika sita, midomo ya Kashindye nayo ilikuwa inahesabu.